Daktari Ameniruhusu Kupanda

Jumatatu, 3 Machi

Bi Finya ameagiza niandike. Kila siku, kwa mkono uleule mbovu, chochote kile. Mimi fundi wa mapazia. Tangu nimalize shule sijaandika kitu kirefu kuliko vipimo vya dirisha. Nikamuuliza niandike nini. Akasema hata matusi yanafaa, kifundo cha mkono hakichagui maneno.

Bi Finya ni yule mama wa mazoezi ya viungo pale hospitali. Jina nimempa mimi, maana kutwa nzima neno lake ni moja. Finya sponji. Finya donge. Finya mkono wangu — na wewe unafinya mpaka machozi yanakutoka, yeye anatazama saa ya ukutani.

Haya, tuanze na aibu. Mimi hupanda. Si milima — ukuta. Kuna ghala la zamani la unga, mwenyewe amezijaza kuta zake vishikio vya kila rangi kutoka sakafuni hadi darini. Unajifunga kamba kiunoni, kamba inapita juu kabisa, mwenzako anashika upande wa pili, nawe unapanda kama mjusi. Miaka sita napanda, sijapata hata mkwaruzo wa kusimulia. Halafu mwezi wa kwanza nikaenda kutundika mapazia kwa daktari wa meno, nikasimama juu ya kigoda — kigoda! hata gotini hakinifiki — kikateleza. Nikatua kwa mkono. Waliokuwa wakingoja kung'olewa meno wakasahau meno yao.

Mfupa ulivunjika vipande. Nikapasuliwa, nikatiwa sahani ya chuma na skrubu za kuishikilia. Sasa plasta imetoka, na huu mkono uliotoka humo ndani nadhani ni wa mtu mwingine. Mwembamba, umepauka, una kovu refu. Kopo la jemu limenishinda.

Inatosha. Unauma. Herufi zenyewe kama kuku amepita.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe yuko kwetu tangu nivunjike. Alikuja kunipokea vyombo kwa muda mfupi, akasema. Sasa kabati zote za jikoni amezipanga upya na mimi nikitaka kijiko lazima niombe maelekezo.

Wageni wakija kunipa pole, wakiuliza imekuwaje, yeye ndiye anayejibu. Ni huko kupanda-panda kwake. Leo nimechoka. Nikamwambia mama, nilianguka kwenye kigoda, ukuta hauhusiki kabisa. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Na hicho kigoda," akasema, "ulikipanda, au hukukipanda?"

Mgeni akacheka mpaka akapaliwa. 

Mume wangu naye amekusanya vigoda vyote vya nyumba hii, amevifungia stoo, ufunguo anatembea nao. Kazi yake ni kukagua lifti. Kutwa yuko kwenye mashimo ya majengo na tochi, anatazama nyaya, anazigonga, anazivuta, anaandika. Asubuhi akinifunga vifungo vya blauzi hufanya vivyo hivyo: anafunga kimoja, anakivuta mara mbili, ndipo anahamia kingine. Blauzi yangu sasa ina usalama wa kubeba watu wanane.

Alhamisi, 6 Machi

Alhamisi ni siku yetu ya ukuta. Ilikuwa. Mimi natoka karakana na nyuzi nguoni, mume wangu anatoka kwenye lifti zake na grisi shingoni, tunakutana mlangoni pa ghala. Napanda mimi, kamba anashika yeye. Mwenyewe hapandi hata kwa dawa. Anasema urefu ameuona wa kutosha, kwa ndani. Lakini hakuna mtu anayeshika kamba kama yeye! Wenzake wanapiga soga, wanatazama simu. Yeye shingo juu, mdomo wazi, kama kifaranga anayengoja kulishwa, mpaka niguse chini.

Ukutani tunazungumza maneno matatu tu. Shika. Nimeshika. Legeza. Na sijui kwa nini, lakini ndiyo mazungumzo yetu mazuri kuliko yote ya juma.

Leo amerudi akasema amechelewa, kuna lifti imekwama. Wala nilikuwa sijamuuliza.

Jumanne, 11 Machi

Nimeruhusiwa! Nimeruhusiwa! Nimeruhusiwa!

Daktari aliyenipasua ametazama picha ya mfupa, akaniambia nikunje, nikunjue, nizungushe. Akauliza nikipata nafasi napenda kufanya nini. Nikasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani: napanda.

Uso ukamng'aa. Akasema vizuri sana, mama, hata mke wangu hupanda! Kila jioni yuko nyuma ya nyumba anapanda, ukimwita hasikii. Nikabaki kinywa wazi. Nyuma ya nyumba! Kumbe kuna watu wana ukuta wao wenyewe, wanatoka mlango wa jikoni wanapanda! Nikamuuliza ameanza lini. Akasema tangu utoto, kwao wote wapandaji, mama yake alipanda mpaka uzeeni, akiwa na fimbo. Na fimbo! Nilimwonea kijicho yule mama, Mungu anisamehe.

Akasema niendelee tu, hakuna tiba kama hiyo, inanyoosha vidole na kutuliza moyo. Ila nianze na vidogo vidogo, nisichimbe kwa nguvu, na nivae glavu.

Glavu? Nani anapanda na glavu? Na kuchimba, nadhani ni kule kuchimbia vidole kwenye kishikio. Basi, madaktari wana lugha yao. Sikuuliza. Ruhusa ni kama usingizi wa mtoto mchanga, ukiigusagusa inakatika.

Nimefika nyumbani sijui nimepita njia gani. Nikawatangazia wote wawili nikiwa bado mlangoni: daktari ameniruhusu kupanda. Mama mkwe akaguna. Mume wangu alikuwa anakata kitunguu. Hakugeuka. Akaendelea kukata, kukata, mpaka kile kitunguu kikawa maji.

Jumatano, 12 Machi

Ameondoka alfajiri bila kunifunga vifungo. Nimekwenda kazini na gauni la kuvalia kichwani, kama maiti aliyevishwa na majirani. Nina neno naye huyu mtu.

Jumamosi, 15 Machi

Amesema.

Tulikuwa tunakunja shuka. Kazi ya watu wawili: yeye ana ncha mbili, mimi nina moja na nusu. Nikamuuliza, Alhamisi ijayo tunakwenda? Akasema hatuwezi. Kwa nini? Akatazama shuka. Akasema kuna jambo.

Siku ile ya upasuaji walimwambia itachukua saa moja. Akakaa kwenye korido, viatu vyangu vimo kwenye mfuko, mfuko uko mapajani. Saa moja ikapita. Ya pili ikapita. Hakuna aliyetoka kumwambia kitu. Kila mlango ukifunguka anasimama, kumbe ni mtu na ndoo. Ilipoingia ya tatu akaweka nadhiri. Akamwambia Mungu: akitoka salama, hatapanda tena.

"Nani hatapanda?"

"Wewe."

"Yaani nadhiri umeweka wewe, wa kuitimiza ni mimi?"

"Nilikuwa na haraka," akasema.

Nilicheka. Kisha sikucheka. Nikamwambia anajua ni kwa nini ilichukua saa tatu? Bi Finya kanisimulia mwenyewe: walikuwa wanatafuta skrubu! Ya urefu wangu haikuwapo kwenye trei, mtu akatumwa stoo, stoo imefungwa, mwenye ufunguo kaenda kula. Mimi nimelala pale nimefunguliwa kama redio, wao wanasubiri skrubu. Hakukuwa na hatari yoyote.

Akasema sasa anajua. Lakini siku ile hakujua, na aliyeahidi ni yeye, na ahadi ni deni. Huyu ni mtu anayerudisha kalamu ya benki hata wino ukiwa umekauka. Nikamwambia kama anataka kumfurahisha Mungu aache mambo yake, si yangu. Nikaachia ncha zangu. Shuka ikaanguka chini, mama mkwe akatokea, akaitazama, akarudi alikotoka.

Nilikasirika hadi mkono ukajifinya wenyewe. Bi Finya angefurahi.

Sasa nimetulia kidogo, niandike ukweli. Kuna kingine kinaniuma zaidi ya hiyo nadhiri. Mtu huyu amekuwa nayo kifuani peke yake tangu mwezi wa kwanza, Alhamisi zote hizo, na mimi nadhani lifti zimekwama.

Jumapili, 16 Machi

Hatusemezani. Meza moja, watu watatu, mama mkwe ndiye posta. Nasema, mama, mwambie mwanao anipe chumvi. Anasema, mwanangu, unaambiwa chumvi. Mwanawe anasema, mwambie iko mbele yake. Mara ya tatu mama mkwe akaichukua chumvi akaenda nayo chumbani kwake.

Chakula cha jioni chapwa.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda. Peke yangu. Nilisema nakwenda kununua uzi.

Ghala lilikuwa na harufu yake ileile, vumbi la chaki na soksi. Mwenye Ukuta alinipokea kama nimetoka vitani. Huyu ni mwenye ghala, zamani alikuwa mcheza mieleka. Mkono wake mmoja ni kama mguu wangu. Kila njia pale ukutani ameipa jina, na anavisemesha vishikio kama mifugo. Akashika mkono wangu akaugeuza huku na huku. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, dada, akasema. Twende kwa Kata Maneno?

Kata Maneno ni ile njia ya njano. Inaitwa hivyo kwa sababu wote wanaojisifu chini, wakifika katikati yake hunyamaza. Mimi niliimaliza mwaka jana. Nikasema leo hapana, tuanze na ile ya kijani. Ya kijani ni ya watoto wanaokuja kusherehekea siku ya kuzaliwa. Ina kishikio kimoja chenye sura ya bata.

Kamba akashika yeye. Nikaweka mguu. Nikaweka mkono mzima. Nikaweka huu mwingine juu ya bata. Ukashika. Nikanyanyuka. Kishikio cha pili, kikashika. Nikatazama chini, sijui kwa nini, mimi huwa sitazami. Na hapo mkono ukafunguka. Haukuuma. Haukuteleza. Ulifunguka tu, bila kuniuliza, kama mlango wa duka. Nikaning'inia kwenye kamba usawa wa kichwa cha Mwenye Ukuta, nimejikunja kama koti kwenye msumari.

Nikajaribu tena. Vilevile. Mara ya tatu sikufika hata kwa bata.

Akanishusha. Akauliza unauma? Na mimi — hata sikufikiria — nikasema hapana, ni mume wangu, ameweka nadhiri nisipande tena, ndiyo maana moyo unasita. Ulitoka laini kabisa ule uongo, kama umepakwa mafuta. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Wanaume, akasema, utadhani yeye ni kitu kingine.

Nimerudi nyumbani bila uzi. Hakuna aliyeuliza.

Ninaogopa. Ndiyo hilo. Miaka sita siogopi chochote kilicho juu, sasa naogopa bata. Na ile nadhiri niliyoipigia kelele Jumamosi, leo nimejificha nyuma yake, na pana nafasi ya kutosha.

Jumatatu, 24 Machi

Bi Finya amenipima kwa kile chombo chenye mshale. Finya! Mshale ukaenda mbali. Akarudia, hakuamini. Akasema nguvu imerudi karibu yote, sasa nangoja nini?

Nikamweleza habari ya nadhiri. Akanisikiliza vizuri huku akikunja taulo. Akasema yeye anatibu kuanzia vidole hadi bega. Nadhiri ni idara nyingine.

Jumanne, 25 Machi

Mambo ya leo lazima niyaandike yote hata mkono ukikatika.

Nimeingia kwa daktari. Juu ya meza, karibu na ile mifupa ya plastiki, kuna boksi. Daktari anatabasamu mpaka masikioni. Akasema amemsimulia mkewe habari zangu, mkewe amefurahi sana kumpata mwenzake, amenitumia zawadi. Nikafikiri ni viatu vya kupandia! Nikafungua boksi.

Miche. Miche ya nyanya. Imepangwa kwenye vikopo, kila kikopo na udongo wake, mbichiii.

Nikaitazama ile miche. Ile miche ikanitazama. Na hapo ndipo yote yakaniingia kwa pamoja: mke nyuma ya nyumba, mama mzee na fimbo, usichimbe kwa nguvu, glavu. Glavu!

Nikasema, daktari, mimi sipandi mimea. Akasema, unapanda maua? Nikasema, mimi napanda ukuta. Akafikiri. Akauliza, mimea inayotambaa ukutani? Nikasimama, nikainua mikono na kumwonyesha, kishikio hiki, kishikio kile, mguu hapa. Akaketi. Nikaongeza habari ya kamba, nikidhani itamtuliza. Akaondoa miwani. Nadhani alikuwa anaziwaza skrubu zake.

Muuguzi aliyekuwa pembeni alitoka nje, tukamsikia anacheka hadi mwisho wa korido.

Daktari akaichukua tena ile picha ya mfupa, akaitazama muda mrefu. Mimi — hili ndilo la ajabu — nilikuwa naomba anikataze. Sema hapana, baba. Sema, nipumzike. Akasema mfupa umeshika vizuri sana, kusema kweli umeshika kuliko alivyotarajia, na kama kuna kamba ya juu na mtu makini wa kuishika, hana sababu ya kunizuia. Kisha akasema miche nichukue vilevile, asije akarudi nayo akaulizwa.

Nimebeba boksi hadi nyumbani. Kwa mikono yote miwili.

Mama mkwe akauliza ni nini. Nikasimulia. Alicheka hadi akashika ukuta, akajifuta macho kwa ncha ya nguo, akaanza upya. Mume wangu akaingia, akasimuliwa na yeye. Hakucheka. Akaketi. Mama yake akamtazama, ghafla kicheko kikakatika, akauliza hiyo nadhiri yenu inayowatia ububu humu ndani, uliapaje? Neno kwa neno.

Mume wangu akasema: akitoka salama, hatapanda tena.

Mama mkwe akavuta lile boksi akaliweka upande wake wa meza.

"Basi imekwisha," akasema. "Hapandi. Hii miche nitapanda mimi."

Nilitaka kumbusu. Lakini mume wangu akakataa! Akasema mama, Mungu anajua nilichokusudia, yeye si karani wa kubabaishwa kwa neno moja. Akanitazama. Alinitazama kwa muda, kama anangoja niseme kitu. Mimi nikawa nahesabu majani ya nyanya. Akaendelea kubishana: nadhiri ni nadhiri, mtu hawezi kugeuza maana baadaye, na kadhalika, na kadhalika, mtu ambaye kwa kawaida hamalizi sentensi mbili mbele ya mama yake. Nikajiambia, jamani huyu mtu mbishi kama nini. Na ndani yangu, chini kabisa, nikawa namshangilia ashinde.

Hakushinda. Mama mkwe akasema sawa, Mungu si karani, lakini pia si wa kupewa mali ya jirani. Ukitaka kumtolea kitu, mtolee chako. Unakunywa chai vijiko vitano vya sukari. Mpe hiyo.

Mume wangu akanitazama tena. Mimi na nyanya zangu.

Akasema sawa.

Ijumaa, 28 Machi

Amekunywa chai bila sukari. Anakikodolea macho kikombe kama kimemtukana. Jana alimgombeza fundi wa lifti, na leo amegombana na mlango.

Mama mkwe amepanda miche mistari miwili nyuma ya nyumba. Anaimba.

Jumanne, 1 Aprili

Daktari ameruhusu. Bi Finya ameruhusu. Nadhiri imelipwa, inalipwa kila asubuhi, naiona inavyomkunja uso. Watu wote wamenifungulia njia, sasa sina pa kujificha!

Nimemwambia Alhamisi naweza kuwa na kazi nyingi. Kuna hoteli wanataka mapazia. Akasema sawa. Nikasema lakini labda nisiwe nayo. Akasema sawa. Nikamuuliza kwa nini anasema sawa kwa kila kitu. Akasema anataka sukari.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandikia hapa hapa ghalani. Niko kwenye benchi chini ya njia ya kijani, nimeshafungwa kamba, daftari liko gotini. Nimemwambia lazima kwanza niandike, Bi Finya amesisitiza, ni sehemu ya mazoezi. Ameitikia kwa kichwa tu. Wakati wa kuja alikuwa mbele, mimi nyuma, kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Alipofika alikagua kamba yote. Si kidogo, yote, kutoka ncha hadi ncha, anaipitisha vidoleni huku amefumba macho. Mwenye Ukuta akamwambia kaka, hiyo kamba mpya. Akasema vizuri, akaanza upya. Kisha akanifunga mkanda, akaukaza, akauvuta mara mbili. Akafunga fundo langu, akalifungua, akalifunga tena. Mara ya nne nikashika mikono yake, vidole vikaendelea kufunga hewani. Mikono ya mtu anayetembea juu ya paa la lifti!

Nikaona hapana, siwezi kumwacha hivi. Nikamwambia ngoja. Nikamwambia kuna jambo, tena nikalisema haraka ili lisipate muda wa kurudi.

"Kumbe si nadhiri yako inayonizuia. Nilikuja hapa peke yangu, mkono ukafunguka. Ninayeogopa ni mimi."

Akaendelea kulishika fundo.

"Najua," akasema. "Mwenye Ukuta alinipigia simu siku ileile. Alitaka kunisema kwa kuwa nimekuwekea nadhiri."

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Siku zote hizi. Akasema aliona ile nadhiri inanifaa, akaiacha palepale.

Nimekaa nalo hili kwenye benchi. Kumbe siku ya nyanya, alipokuwa anabishana na mama yake mpaka mishipa ikamtoka, mtu ambaye hajawahi kubishana naye maishani, hakuwa anaitetea nadhiri. Kila akinitazama alikuwa ananiuliza nataka nini. Na kwa kuwa sikusema, akaendelea kunishikia. Akashika mpaka akanyang'anywa sukari. Na mimi nahesabu majani!

Nimelia kidogo. Mwenye Ukuta amejitia kufagia mahali palipokwisha fagiwa.

Nimemwambia mume wangu sijui kama leo mkono utashika. Huenda ukafunguka tena. Akasema ukifunguka ufunguke, yeye yuko. Akasema tena kwamba kama sitaki, tunaweza kukaa hapa tu mpaka wafunge, tule karanga. Alisema kwa dhati. Ana karanga mfukoni, nimezigusa.

Akasema niandike taratibu, hana haraka. Amesimama pale, miguu kaitanua, shingo juu tayari, mdomo wazi, wakati mimi bado niko chini nimekaa. Bata yuko juu ya kichwa changu, upande wa kulia. Kamba inatoka kiunoni kwangu, inakwenda hadi darini, inashuka hadi kwake. Amesema hana haraka, lakini kila nikimaliza mstari anavuta ulegevu wa kamba kidogo. Nahisi mkanda unaninyanyua kwenye benchi, na nikiandika mstari mwingine nitakuwa nimeshaanza kupan—